Tazama, Ngoja, Tazama Tena: Utafiti Uliotoka Kwetu Kivu Unatufundisha Nini?



Katika makusanyiko yetu ya mashariki kuna swali linalorudi kila mara mtu anapotangaza habari za ugonjwa, za ziwa au za volkano: "Hawa watafiti wanakuja, wanachukua damu yetu, wanapima maji yetu, kisha wanaenda. Sisi tunabaki na nini?" Ni swali la haki. Hatutalijibu kwa kumwambia mwenye kuuliza anyamaze kwa sababu elimu ni kitu kizuri. Tutatazama tafiti chache za miaka hii, za tiba, za hisabati na za fizikia, zilizozaliwa hapa kwetu na kusomwa na dunia nzima. Halafu tutauliza sisi tunadaiwa nini, na sisi nasi tunawadai wengine nini.

Kipimo kilichopita bila kuona

Kamituga ni mji wa dhahabu katika teritwari ya Mwenga, kusini-magharibi ya Bukavu. Wachimbaji, wafanyabiashara, madereva, wamama wanaouza chakula na wasichana ambao njaa imewasukuma kuuza miili yao wanakutana pale kutoka pande zote. Mnamo Septemba 2023 ugonjwa wa mpox ulionekana pale, ule ambao zamani tuliuita ndui ya nyani.

Ugonjwa huu si mgeni Kongo. Mtu wa kwanza duniani kujulikana kuwa nao alikuwa mtoto wa miezi 9 huko Basankusu, jimbo la Equateur, mwaka 1970. Kwa miaka mingi waganga walifundishwa kwamba ni ugonjwa wa vijiji vya msituni: mtoto anagusa mnyama, anaugua, anaambukiza wachache nyumbani, halafu ugonjwa unazimika. Lakini wagonjwa wa Kamituga hawakufanana na fundisho hilo. Wengi walikuwa vijana, na wengi walianza kuota vipele sehemu za siri.

Timu mbili zilifanya kazi tunayopaswa kuijua. Machi 2024 timu ya Leandre Murhula Masirika wa Kituo cha Utafiti cha Lwiro, pamoja na wenzake akiwemo Jean Claude Udahemuka wa Chuo Kikuu cha Ruanda, ilitangaza kwamba virusi vya Kamituga ni tawi jipya. Juni 2024 timu ya Emmanuel Hasivirwe Vakaniaki na Placide Mbala wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba (INRB) ilitoa utafiti wake katika jarida la Nature Medicine. Kati ya wagonjwa 108 waliothibitishwa na maabara, zaidi kidogo ya nusu walikuwa wanawake, umri wa katikati ulikuwa miaka 22, na karibu asilimia 29 walikuwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono. Tawi hilo sasa dunia inaliita Ib.

Katika kazi hizo kuna jambo moja ambalo kila mwamini anaweza kulielewa. Kulikuwa na kipimo cha maabara kilichotumiwa kutambua aina ya mpox ya Kongo. Kipimo hicho hutafuta kipande kimoja tu katika maandishi ya virusi, kama mtu anayemtambua mwizi kwa kovu la shavuni. Virusi vya Kamituga vilikuwa vimepoteza kipande hicho. Kipimo kilitafuta kovu, hakikuliona, kikasema: si yeye. Ugonjwa ulikuwa umesimama mlangoni, na kipimo kikapita. Walioujua ni wale ambao hawakutosheka na jibu la kwanza. Walisoma maandishi yote ya virusi tangu mwanzo hadi mwisho.

Tunamkumbuka kuhani wa kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 13. Mtu mwenye alama kwenye ngozi aliletwa kwake. Kama jambo halikuwa wazi, hakuruhusiwa kukata neno siku ile ile. Alitazama, akamweka mtu kando siku saba, akatazama tena. Kazi ya maabara inafuata njia hiyo hiyo. Anayedhani kwamba uvumilivu wa mtafiti ni upungufu wa imani na asome sura ile upya.

Hesabu iliyosema siku ya mwanzo

Wengi wetu tuliacha hisabati shuleni tukidhani haitatufaa tena. Lakini ni hisabati iliyosema lini na kwa njia gani ugonjwa wa Kamituga ulianza.

Fikirini kwaya inayonakili nyimbo kwa mkono. Mmoja anaandika kwenye daftari, mwingine ananakili daftari lile, wa tatu ananakili la pili. Kila anayenakili anakosea herufi hapa na pale, na makosa hayo yanarithiwa na anayefuata. Ukikusanya madaftari yote mezani, utaweza kusema nani alinakili kwa nani. Na kama unajua makosa mangapi huingia kila mwezi, utaweza kukadiria daftari la kwanza liliandikwa lini. Virusi navyo vinajinakili na kukosea. Watafiti wa Kamituga waliweka makosa hayo kwenye hesabu, na hesabu ikawaonyesha katikati ya Septemba 2023.

Makosa yale yalionyesha jambo la pili. Mwili wa mwanadamu una kinga inayokwaruza maandishi ya virusi kwa namna yake ya pekee. Alama za mikwaruzo hiyo zilikuwa nyingi katika virusi vya Kamituga. Maana yake ni kwamba ugonjwa haukuwa unatoka kwa wanyama kila mara. Ulikuwa unapita kutoka mtu hadi mtu, mnyororo mmoja mrefu.

Hesabu nyingine ambayo waganga huitumia ni hii: mgonjwa mmoja, kwa wastani, anaambukiza wangapi? Tufanye mfano wetu wenyewe. Tuseme kuna wagonjwa 100, na kila mmoja anaambukiza wastani wa mtu 1.2. Duru ya pili watakuwa 120, inayofuata 144, na baada ya duru kumi watakuwa karibu 620. Sasa tuseme kila mmoja anaambukiza wastani wa 0.9. Baada ya duru kumi, wale 100 watakuwa wamebaki 35 tu. Tofauti kati ya 1.2 na 0.9 ni ndogo, lakini moja inajaza hospitali na nyingine inazima ugonjwa. Tofauti hiyo inaweza kutoka kwa mambo madogo: mgonjwa kulala peke yake, nguo zake kufuliwa mbali na za wengine, familia kutomficha, kanisa kusalimiana bila kushikana mikono kwa majuma machache. Yule anayesema "mimi peke yangu nitabadilisha nini?" hajapiga hesabu.

Dawa iliyoshindwa na kitanda kilichookoa

Utafiti mwingine ulifanywa katika hospitali za Tunda na Kole, huko Maniema na Sankuru. Dawa inayoitwa tecovirimat ilitarajiwa kuponya mpox. Wagonjwa 597, watu wazima na watoto, walishiriki. Wengine walipewa dawa, wengine walipewa kidonge kisicho na dawa, na wote walilazwa na kutunzwa vizuri. Matokeo yalitangazwa Agosti 2024: dawa haikufanya vipele vipone mapema zaidi.

Je, huo ni utafiti uliopotea bure? Hapana. Kwanza, serikali zetu na wafadhili hawatatumia pesa nyingi kwa dawa isiyosaidia ugonjwa wa aina hii. Pili, kati ya washiriki wote, waliopewa dawa na wasiopewa, waliokufa walikuwa asilimia 1.7. Kati ya wagonjwa wote wa mpox nchini, vifo vilivyokuwa vikiripotiwa vilifika asilimia 3.6 au zaidi. Walichopata wote pale hospitali kilikuwa kitanda, maji, chakula, usafi wa vidonda, na dawa za maambukizo mengine na maumivu. Kila mmama wa kanisa aliyewahi kubeba chungu cha uji hadi hospitali ajue kwamba utafiti mkubwa wa kimataifa unaelekea upande wa kazi yake.

Tusisahau pia kwamba hapa mashariki dawa zimewahi kushinda. Wakati wa Ebola ya Beni, Butembo na Mangina, mwaka 2018 na 2019, wagonjwa 681 walishiriki katika jaribio lililolinganisha dawa nne, katikati ya risasi na uvumi. Dawa mbili zilionyesha kuokoa zaidi. Moja ni ile tunayoiita Ebanga. Mzizi wake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, na Profesa Jean-Jacques Muyembe ni mmoja wa waliosimamia kazi hiyo tangu mwanzo wake. Mwaka 2020 Marekani iliikubali kuwa dawa rasmi. Kwa hiyo tunapouliza "damu yetu ilienda wapi?", jibu moja ni hili: damu ya Mkongo mmoja imekuwa dawa ya watu wengi.

Ziwa letu na mlima wetu

Fizikia nayo ina neno kwetu, maana tunaishi kando ya maji ambayo wanafizikia wa dunia wanayaogopa na kuyapenda. Chini ya Ziwa Kivu, ambalo kina chake kinafika karibu mita 485, mmelala gesi nyingi sana: takriban kilometa za ujazo 300 za gesi ya kaboni na 60 za methani. Maji ya chini yana chumvi nyingi, kwa hiyo ni mazito na hayapandi juu. Uzito huo ndio kifuniko cha chungu. Wote tunakumbuka habari za ziwa Nyos, Kamerun. Agosti 1986 gesi ilitoka ghafula usiku na kuua watu wapatao 1,700.

Mwaka 2005 utafiti mmoja ulisema methani ya Ziwa Kivu imeongezeka kwa asilimia 15 au zaidi katika miaka 30. Habari hiyo ilitia hofu, na wahubiri wengine waliifanya kuwa hubiri la mwisho wa dunia. Lakini mwaka 2020 timu za nchi kadhaa, kwa vyombo tofauti, zililinganisha vipimo vyao. Ziliona kwamba gesi haijaongezeka kwa kiasi kile, na kwamba hatari haizidi kupanda kama ilivyodhaniwa. Hatari ipo, na ziwa linahitaji kulindwa na kupimwa, lakini kengele ya 2005 ilikuwa imelia kwa nguvu kupita kiasi. Waliosahihisha jambo hilo ni watafiti wenyewe. Mmoja wa watafiti wa 2005 angeweza kuona aibu. Katika elimu hii kupimwa tena na wengine ni sehemu ya kazi, si tusi. Tungependa kuona moyo huo zaidi katika mabaraza yetu ya kanisa.

Mlima Nyiragongo ulitufundisha upande wa pili. Ulipolipuka Jumamosi jioni, Mei 22, 2021, watu wa Goma waliona mwanga angani kabla ya kusikia onyo lolote. Siku chache baadaye amri ya kuhama ilitolewa, na wengi walikimbilia Sake, Minova na hapa Bukavu kwa mashua. Makanisa mengi yalifungua milango. Utafiti uliotoka mwaka 2022 katika jarida la Nature ulieleza kwamba moto wa mlima ulikuwa tayari karibu na juu, na mwili wa mlima ukapasuka. Dalili za wazi zilikuwa fupi mno kutoa onyo la siku nyingi. Kwa hiyo kuna mambo ambayo hata chombo kizuri hakitayasema mapema. Hapo kinachookoa ni maandalizi: njia za kukimbilia zinazojulikana, mahali pa kukutania, na kujua nani katika mtaa hawezi kutembea.

Nani alikula matunda?

Sasa tuseme ukweli kuhusu deni. Mpox ilipofika Ulaya na Marekani mwaka 2022, chanjo ilipatikana huko mwaka ule ule. Kongo, ambako ugonjwa ulijulikana tangu 1970, ilipokea shehena ya kwanza Septemba 5, 2024, na chanjo ya kwanza ilichomwa Goma Oktoba 5, 2024. Kabla ya hapo tawi la Kamituga lilikuwa limeshafika Burundi, Ruanda, Uganda na Kenya. Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya dharura Agosti 14, 2024, na kesho yake Sweden ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa tawi hilo. Wagonjwa wa Kamituga walitoa majimaji ya vidonda vyao Oktoba 2023. Walingoja mwaka mzima.

Hilo si kosa la watafiti wa Lwiro au wa Kinshasa. Wao walipiga kelele mapema. Ni kosa la dunia ambayo inasoma habari za maskini haraka na kuwalipa polepole. Makanisa yana haki ya kusema hivyo kwa sauti, mbele ya wafadhili na mbele ya serikali: anayetoa sampuli apate jibu, na anayeshiriki jaribio awe wa kwanza kupata dawa inapofaulu.

Kimya si afya

Tangu vita vilipofika Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu Februari 2025, kazi hii imepata jeraha jingine. Kule Goma wagonjwa wa mpox walikimbia vituo vya matibabu na kuingia tena kati ya watu. Uwanja wa ndege wa Kavumu ulifungwa. Wakati huo huo Marekani ilisimamisha misaada mingi iliyolipia madawa na vipimo. Septemba 5, 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mpox si dharura ya kimataifa tena. Tunashukuru Mungu kwa kila mahali ambapo ugonjwa umepungua kweli.

Lakini tumejifunza kwa Kamituga. Hesabu ikishuka, tuulize kwanza: ni ugonjwa uliopungua, au ni kipimo ambacho hakikufika? Kijiji ambacho barabara yake imefungwa hakitumi sampuli, na kijiji kisichotuma sampuli kinaandikwa sifuri. Sifuri hiyo inaweza kuwa ya uzima, au ya kaburi ambalo hakuna aliyelihesabu. Ndiyo maana tunaona hatari kubwa wakati huu katika kimya, kuliko hata katika vipele.

Tufanye nini?

Tunapendekeza mambo manne, na yote yanaweza kuanza siku ya Mungu inayokuja.

La kwanza, tuhesabu. Kila kusanyiko lina katibu na daftari la ubatizo, la ndoa na la mazishi. Tuongeze ukurasa mmoja: wagonjwa tuliowatembelea, umri wao, mtaa wao, tarehe, bila kuandika siri zao. Daftari hilo lionyeshwe kwa muuguzi wa santa ya afya kila juma. Wakati maabara iko mbali, jicho la mashemasi ndilo la kwanza.

La pili, tusiwahukumu wanawake wa Kamituga wala yeyote aliyeambukizwa. Ugonjwa ulipotoka mgodini, uliingia majumbani, na hapa kaskazini ya Bukavu, upande wa Kavumu na Miti-Murhesa, watoto wengi waliugua. Baadhi ya wanawake wenye mimba walioambukizwa Kamituga walipoteza mimba zao. Mchungaji anayesema mimbarani kwamba vipele ni adhabu ya uzinzi anafunga mdomo wa msichana mgonjwa, na anayenyamaza anaendelea kuambukiza. Hapo mchungaji ameisukuma ile hesabu kutoka 0.9 hadi 1.2.

La tatu, tuwalinde wanaotafuta. Tuna vijana wetu katika vyuo vya Bukavu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kiinjili Afrika. Hospitali ya Panzi, ambayo ndugu zetu wa CEPAC waliifungua mwaka 1999, imeonyesha kwamba kazi ya kanisa inaweza kufundisha waganga wa dunia. Binti anayependa hisabati asiambiwe kwamba ni somo la wavulana. Kijana anayetaka kusoma fizikia asiulizwe atakula nini, kana kwamba Ziwa Kivu litajipima lenyewe.

La nne, tukumbuke kwamba Wakongo na Wanyaruanda waliandika pamoja utafiti wa Kamituga. Majina yao yako kwenye ukurasa mmoja, wakati mpaka ulikuwa umejaa hofu. Hatusemi kwamba hilo linamaliza vita. Tunasema tu kwamba watu wawili waliotazama kidonda kimoja kwa unyofu waliweza kukubaliana juu ya walichokiona. Mara nyingi viongozi wetu hawajafika hapo.

Luka mwinjili alikuwa mganga, na mwanzoni mwa kitabu chake anaeleza kwamba alichunguza mambo yote kwa bidii kabla ya kuandika. Tunaomba Mungu atupe bidii hiyo. Ndugu mpendwa, ukimwona mtoto wa jirani ana vipele juma hili, usimfiche na usimkimbie. Mtazame, mpeleke kwa muuguzi, na baada ya siku saba pita tena umtazame.